Taarikhi ya Kombe la Gossage Katika Mwaka Wake wa Mia

Mwaka huu wa 2026, ambao kwa wengi utapita kama ipitavyo miaka mingine, ni mwaka wa taadhima kwa kila apendaye kandanda katika nchi zetu, kwa kuwa umetimia karne moja kamili tangu Kenya na Uganda ziliposhindana kwa mara ya kwanza kuwania Kombe la Gossage. Na kwa kuwa ada ya waungwana ni kumkumbuka aliyeupanda mnazi kabla ya kulinywa dafu lake, nimeona ni wajibu kuiandika taarikhi ya kombe hilo, nami naiandika kutoka upande huu wa Uzaramo, ambako vilima vya Kisarawe huteremka kuelekea bonde la Ruvu na ardhi ya Kibaha, mahali ambapo kombe lenyewe halikupata kushindaniwa, lakini ambapo mizizi yake mingine ilipita chini ya ardhi kimyakimya, kama ipitavyo mizizi ya mkorosho.

Huenda msomaji akastaajabu kwamba shamba la mihogo na korosho lidai fungu katika hadithi ya kombe lililoanzia Nairobi. Ajibu yake itamwondoka akiyafuata maelezo haya hadi mwisho, kwani neno ninalokusudia kulithibitisha ni hili: kombe si mali ya aliyelitoa, bali ni mali ya waliolichezea, na waliolichezea walitoka katika shule, katika reli na katika vijiji ambavyo majina yao hayakuchorwa juu ya fedha.

Tuanze na aliyelitoa. Kampuni ya William Gossage na Wanawe ilikuwa kampuni ya kutengeneza sabuni katika mji wa Widnes, Uingereza, na mwasisi wake alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1877, karibu nusu karne kabla ya jina lake kupigiwa makofi katika nchi zetu. Bidhaa yake iliwafikia babu zetu kwa njia ileile iliyoleta chumvi, mafuta ya taa na marekani: kwa meli hadi bandarini, kwa reli hadi stesheni, kisha kwa mabega ya watu hadi duka la kijijini, ambako mwenye duka aliutwaa mche mrefu wa sabuni, akaupima kwa jicho, akaukata vipande kwa kisu, na kila mteja akaondoka na kipande chake kimefungwa kwa karatasi. Kampuni iliyoishi kwa mche ule iliona faida ya kujulikana na watu wengi kwa mara moja, na hapakuwa na mkutano wa watu wengi zaidi ya ule uliozunguka uwanja wa mpira. Basi ikatoa kombe, nalo likaitwa kwa jina lake. Ilikuwa biashara, wala haifai kuificha kwa maneno ya heshima. Lakini kisima huchimbwa na mmoja kwa haja yake, kikawanywesha wapita njia wasiomjua mchimbaji.

Mashindano ya kwanza, ya mwaka 1926, yalikuwa ya pande mbili tu, Kenya na Uganda; nazo zilitoka sare ya bao 1 kwa 1, zikarudiana, na Kenya ikashinda kwa mabao 2 kwa 1. Mwaka uleule magavana wa Kiingereza wa Afrika ya Mashariki nao walianza mikutano yao ya pamoja mjini Nairobi, wakitafuta namna ya kuziunganisha nchi hizi kwa masalahi ya utawala wao, jambo ambalo watu wengi wa Uganda na wa Kenya walilitazama kwa shaka kubwa, wakichelea kumezwa na walowezi. Hivyo katika mwaka mmoja zilifunguliwa njia mbili za kuwakutanisha watu wa nchi hizi, moja ndani ya ofisi na nyingine juu ya majani. Na aliyezifuata zote mbili kwa miaka 100 hawezi kukataa kwamba ile ya juu ya majani ndiyo iliyodumu bila kukatika sana.

Uganda haikukawia kulipa deni la kushindwa. Chama chake cha mpira kilikuwa kimeundwa mwaka 1924, shule zake za misheni zilikuwa zimekwisha kulea vijana wenye ujuzi wa mchezo, na kuanzia 1935 hadi 1940 ililitwaa kombe mfululizo, mwaka baada ya mwaka, hata ikawa jina la Uganda na jina la Gossage hutajwa pamoja. Hesabu ilipofungwa baada ya miaka 40, Uganda ilikuwa imelichukua mara 22, na hakuna aliyeikaribia. Wala safari za zama zile hazikuwa nyepesi: reli iliyoanzia Mombasa ilikuwa imefika Kisumu tangu 1901, lakini haikufika Kampala hadi 1931, na kabla ya hapo msafiri wa Uganda aliyeitaka Nairobi aghalabu alipanda meli ya ziwani kutoka Port Bell, akalala juu ya maji, akateremka Kisumu, ndipo akaupanda moshi.

Inapendeza kukumbuka kwamba katika miaka hiyohiyo, baina ya vita kuu mbili, Ulaya nayo ilikuwa ikijaribu jambo la namna hii. Mwaka 1927, kwa fikira na juhudi za Hugo Meisl wa Austria, kulianzishwa Kombe la Mitropa, ambalo halikuwa la timu za mataifa bali la klabu bingwa, za Austria, Hungaria, Chekoslovakia na Yugoslavia, kisha za Italia kuanzia 1929. Na klabu ya kwanza kulitwaa ilikuwa Sparta ya Prague, iliyoishinda Rapid ya Vienna kwa jumla ya mechi mbili, kila moja ikiwa mwenyeji kwa zamu. Nchi zile zilikuwa ama zimetoka katika ufalme mmoja uliovunjwa na vita, ama zimepigana nao, zikawa zinatazamana kwa jicho la kisasi. Mpira ukazipa sababu ya kuvukiana mipaka. Vita vya pili vilipokuja, fainali ya 1940 haikuchezwa. Kwetu mambo yalikuwa kinyume: kombe letu liliendelea kushindaniwa hata mizinga ilipokuwa ikilia ng'ambo, Kenya ikilitwaa mwaka 1941 na 1942, na Uganda mwaka 1943.

Sasa na tuitazame Tanganyika, ambayo katika miaka hiyo yote ilikuwa nje ya mashindano. Kuwa kwake nje hakukumaanisha kwamba ilikuwa imelala. Chama cha mpira cha Tanganyika kilianzishwa mwaka 1930. Mwaka 1935 vijana wa Dar es Salaam wakaunda klabu ya Young Africans, na mwaka uliofuata ikazaliwa ile iliyoitwa Sunderland, ambayo tangu 1971 imejulikana kwa jina la Simba. Klabu hizo zilikua katika mitaa inayoizunguka Kariakoo, mtaa uliochukua jina lake katika jeshi la wapagazi wa vita ya kwanza. Na wakazi wa mitaa ile katika miaka hiyo kundi lao kubwa lilikuwa Wazaramo, watu waliotoka Kisarawe na Maneromango na vijiji vya kandokando ya Ruvu, wakaingia mjini na mihogo na nazi na kuni zao, wakauza, na wengine wakabaki. Aliyetoka shamba asubuhi akiwa mchukuzi wa mzigo, jioni alikuwa mtazamaji kando ya uwanja, na mwanawe akawa mchezaji.

Lakini mzizi mrefu zaidi kuliko huo ulikuwa katika kilima cha Minaki, Kisarawe. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA walikuwa na chuo chao cha Mtakatifu Andrea huko Kiungani, Unguja, na wanafunzi wake wa awali walikuwa watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Na ni watoto hao, waliokuwa juzi wakihesabiwa kama bidhaa, ambao kabla ya karne ya 19 kwisha walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa pwani yetu kuucheza mpira wa miguu kwa kanuni zake. Walipohitimu walitawanyika bara kuwa walimu na makasisi, kila mmoja akiwa na Kitabu mkononi na mpira katika mzigo wake, na kila waliposimamisha shule walifyeka pia uwanja. Katika miaka ya ishirini ya karne iliyopita chuo hicho kikahamishwa kutoka Kiungani kikaletwa Minaki, na hivyo Kisarawe ikairithi shule ambayo ilikuwa miongoni mwa chemchemi za kandanda ya Afrika ya Mashariki, wakati uleule ambapo Kombe la Gossage lilikuwa changa. Haiwezekani kuisimulia elimu ya mpira katika Tanganyika ukairuka Minaki, kama vile haiwezekani kuusimulia Mto Ruvu ukaviruka vijito vyake.

Na mpira wenyewe ulikuwa nini? Ule wa shule na wa mji ulikuwa wa ngozi, vipande vilivyoshonwa, na ndani yake kibofu cha mpira kilichojazwa pumzi, kisha mdomo wake ukafungwa kwa ukanda wa ngozi kama kiatu. Aliyeupiga kichwa akakutana na fundo la ukanda ule alibaki na alama kipajini, na mvua iliponyesha ngozi ilikunywa maji hata mpira ukawa mzito kama nazi mbichi. Ule wa kijijini ulikuwa matambara, yaliyokunjwa na kukazwa kwa kamba za migomba, ukizungushwa kwa subira mpaka ukaweza kudunda kidogo. Na mpaka leo, ukipita Maili Moja au Mlandizi alasiri, utawaona watoto wakiucheza mpira wa namna hiyo, ingawa matambara yamekwisha kuchanganywa na mifuko ya nailoni, na malango yao ni mawe mawili. Wachezaji wa zama zile waliingia uwanjani bila viatu, si kwa unyonge peke yake bali kwa mazoea na ustadi, na walikuwa wakiupinda mpira kwa vidole vya mguu kama mfinyanzi aupindavyo udongo. Hata mwaka 1956, timu ya Uganda ilipokwenda kuzuru Uingereza, wachezaji wake walicheza miguu mitupu mbele ya watu waliokuwa wakidhani kwamba mchezo huo ni mali yao.

Tanganyika iliingia katika Kombe la Gossage mwaka 1945, na Zanzibar ikafuata mwaka 1949, kombe likawa la pande nne. Zingatia, msomaji, tofauti ya hali zao: Kenya ilikuwa koloni, Uganda himaya yenye wafalme wake, Zanzibar himaya yenye Sultani, na Tanganyika nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa; sheria zao zilikuwa mbalimbali na mabwana zao walipishana kwa vyeo, lakini uwanjani kila upande ulikuwa na watu 11, na mlingoti wa goli ulikuwa wa kimo kimoja kwa wote. Katika nchi ambazo rangi ya mtu iliamua aketi wapi ndani ya behewa na atibiwe katika wodi ipi, usawa huo haukuwa jambo dogo. Mwafrika aliyekuwa akiitwa "boi" ofisini, siku ya mechi aliitwa kwa jina lake na umati mzima.

Nayo njia ya kutoka Dar es Salaam kuelekea ziwani, kwa hao majirani tulioshindana nao, ilipita hapa kwetu. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905, hupanda Pugu, hukata msitu chini ya Kisarawe, hupita Soga, huvuka Mto Ruvu katika ardhi ya Kibaha, ndipo ikashika njia ya Morogoro na Tabora. Na tangu tawi la Tabora lilipofika Mwanza mwaka 1928, msafiri aliweza kutoka bandari ya Dar es Salaam akafika Kisumu au Port Bell kwa garimoshi na meli bila kutembea kwa miguu ila kutoka gati hadi gati. Stesheni ndogo kama Soga, yenye paa la bati na mwembe wa kivuli, ikawa uzi mmoja katika kitambaa kilichofuma Dar es Salaam na Kampala. Leo treni ya umeme inapita papo hapo, ikisimama Pugu, Soga na Ruvu, na abiria wake wengi hawajui kwamba wanaifuata njia ambayo kwayo habari za mpira zilikuwa zikisafiri, mdomo kwa mdomo, kutoka behewani hadi sokoni.

Mwaka 1949 Tanganyika ililitwaa kombe kwa mara ya kwanza. Ikalitwaa tena mwaka 1950, na tena mwaka 1951. Miaka mitatu mfululizo! Nchi iliyoingia ya tatu, ikiwa na umri wa miaka 4 tu katika mashindano, iliwapita waliolianzisha. Nataka msomaji aipime habari hiyo kwa mizani ya wakati wake: chama cha TANU hakikuwa kimezaliwa, na kingezaliwa mwaka 1954, Mwalimu Nyerere hakuwa amefika kufundisha Pugu, kilima cha jirani na Kisarawe, ambako angeanza kazi baada ya miaka hiyo, bendera ya nchi haikuwapo wala wimbo wa taifa haukuwapo. Lakini watu wa Tanganyika walikuwa wamekwisha kupata mahali pa kulitamka jina la nchi yao wote kwa pamoja, kwa sauti, wakishangilia, Mzaramo na Mnyamwezi, Mwislamu na Mkristo, na siku hiyo jina hilo likawa la mshindi. Siasa ilipokuja kuwaambia kwamba wao ni taifa moja, iliwakuta wameanza kuizoea sauti hiyo.

Fauka ya hayo, kombe hili lilikuwa mwalimu wa lugha. Kamati ya lugha ya Kiswahili ya nchi hizi iliundwa mwaka 1930, lahaja ya Unguja iliyokwisha kuchaguliwa ikiwa msingi wa Kiswahili sanifu, na wataalamu wakaketi wakapima maneno. Lakini neno haliishi katika kamusi mpaka liishi kinywani, na wachezaji na watazamaji wa nchi nne walihitaji maneno ya kutania, kusifu na kulaumu, wakayapata katika Kiswahili. Kandanda, kabumbu, dimba, gozi, bao: maneno haya yamevuka mipaka yetu bila pasi ya kusafiria.

Uhuru ulipowadia, Tanganyika mwaka 1961, Uganda 1962, Kenya na Zanzibar 1963, jina la mfanya sabuni lilianza kuonekana kuwa nguo iliyombana aliyekua. Tanganyika ililitwaa kombe mwaka 1964, mwaka wa Muungano, na Tanzania ikalitwaa mwaka 1965. Na baada ya mashindano ya 1966, ambayo Kenya ilishinda, jina la Gossage likawekwa kando. Mwaka 1967 mashindano yakageuka kuwa Kombe la Chalenji la Afrika ya Mashariki na Kati, na tangu 1973 yamesimamiwa na CECAFA, shirikisho la mpira la kanda hii; Malawi, Zambia, Zimbabwe, Sudani, Ethiopia na Rwanda nazo zikapata kulitwaa kwa nyakati zao. Tanzania ilishinda nyumbani Dar es Salaam mwaka 1974, ikashinda mwaka 1994 na mwaka 2010; na Zanzibar ikapata fakhari yake mwaka 1995.

Wakati kombe likijiandaa kubadili jina, Kibaha nayo ilikuwa ikijengwa. Mwaka 1963 serikali yetu na nchi za kaskazini ya Ulaya zilianzisha pale, penye vichaka, kituo ambacho kilikusanya shule ya sekondari, tiba na mafunzo ya wakulima mahali pamoja, ili kupigana na ujinga, maradhi na umaskini kwa pamoja. Na mwaka 1970 kikakabidhiwa kwa Watanzania, kikaendelea kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Minaki ilikuwa shule iliyotokana na zama za misheni, Kibaha ikawa shule ya zama za uhuru, na baina ya hizo mbili pana mwendo mfupi tu wa msitu na mashamba. Kwa hiyo wilaya hizi zina shule mbili zinazoshika ncha mbili za taarikhi ninayoisimulia.

Mtihani mkubwa wa mashindano haya ulikuja mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, iliyoundwa kwa mkataba wa 1967, ilivunjika. Shirika la ndege likagawanyika, reli zikagawanyika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, ukabaki umefungwa hadi mwaka 1983. Ndugu waliokuwa wakitembeleana Taveta na Moshi wakatazamana kwa mbali. Na bado, mwaka 1981, mpaka ukiwa umefungwa, Kenya ilikuja Dar es Salaam kwenye Kombe la Chalenji, ikaingia fainali na Tanzania mbele ya watu wetu, ikashinda kwa bao 1 kwa bila, ikaondoka na kombe. Asiyekubali kushindwa si mshindani: uwanja ulitii kanuni iliyokuwa imekwisha kukubaliwa tangu 1926, kwamba jirani huja, hucheza, na akishinda hupewa haki yake. Mahakama ya wanasiasa ilikuwa imefunga milango, lakini lango la goli lilibaki wazi.

Kutoka katika kombe la nchi lilizaliwa pia kombe la klabu, ambalo ndilo ndugu wa kweli wa ile Mitropa ya Ulaya. Mwaka 1974 Simba ikawa bingwa wa kwanza wa klabu za Afrika ya Mashariki na Kati, na mwaka 1975, huko Zanzibar, Young Africans ikaishinda Simba kwa mabao 2 kwa bila katika fainali ambayo wazee wetu huisimulia kana kwamba ilichezwa jana. Tangu 2002 kombe hilo limeitwa Kombe la Kagame, na Azam ililitwaa mwaka 2015 na mwaka 2018. Kibaha nayo haikubaki mtazamaji tu: uwanja wa Mabatini, Mlandizi, ulikuwa nyumba ya Ruvu Shooting ilipokuwa katika ligi kuu, na klabu za Dar es Salaam zilikuja kwenye vumbi letu kutafuta pointi.

Mwezi wa Agosti 2025, Kenya, Uganda na Tanzania ziliandaa kwa pamoja mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, na ni nchi hizohizo tatu ambazo mwaka 2023 zilipewa idhini ya kuliandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Magazeti yalisema ni jambo jipya. Kwa idadi ya viwanja na fedha ni jipya. Lakini kwa asili yake ni jambo la kale, kwa kuwa nchi hizi zilikuwa zikialikana, zikipokeana na zikishindana tangu siku ambapo bao la Kenya liliipita Uganda mwaka 1926, na tangu siku ambapo Tanganyika ilijiunga nazo mwaka 1945.

Basi ninayo haja moja kwa walimu wa Minaki na walimu wa Kibaha. Kabla mwaka huu haujaisha, wapangeni vijana wenu wacheze mechi moja baina ya shule hizi mbili, na kabla ya filimbi ya kwanza wasimamisheni katikati ya uwanja, muwaambie kwa dakika 10 habari za watoto wa Kiungani, za miguu mitupu, za ushindi wa 1949, 1950 na 1951, na za fainali ya 1981. Mechi hiyo haihitaji kampuni wala kombe la fedha. Inahitaji mpira mmoja, vijana 22, na mtu wa kusimulia.